Mbona mnammulika tochi tu, hamumpasui?

Mwezi huu barua mnazoniandikia mimi daktari wa upasuaji wa ubongo zimekuwa nyingi kuliko vitanda vya wodini, nimechagua tano tu. Majina ya wagonjwa nimebadilisha au nimeyatoa, na hospitali ninayofanyia kazi siitaji, jueni tu ni ya vichwa na migongo, mtu akija kwetu na mafua anakuwa amepotea njia.

*Shikamoo daktari. Mdogo wangu anaendesha boda, aligongwa usiku akaletwa kwa rufaa hospitali ya ubongo. Siku tatu nzima madokta wanakuja wanammulika tochi machoni, wanamfinya, wanamuuliza leo siku gani, wanaandika wanaondoka. Hamna upasuaji. Siku ya nne saa nane usiku ghafla wakampeleka theata mbio mbio hata kutuelezea vizuri hakuna. Sasa hivi anaendelea vizuri ila hasira hazijaniisha. Walikuwa wanasubiri tuwape kitu au? — Dada mwenye hasira, Dar*

Marahaba dada yangu, na poleni sana. Kama kuna mtu aliomba kitu, hilo ni la kuripoti na mimi sitamtetea. Lakini hiyo tochi uliyoiona ndo kazi yenyewe. Watu wanadhani dokta wa ubongo ni mtu wa drili, mimi kwa wiki drili nashika siku mbili, siku zilizobaki nashika tochi.

Iko hivi, fuvu la mtu mzima ni kama sufuria yenye mfuniko uliochomelewa, halitanuki hata kidogo. Ndani mna vitu vitatu, ubongo wenyewe ambao ni kilo moja na kitu, maji yake kama mililita 150, yaani nusu chupa ya soda, na damu inayopita kwenye mishipa. Sasa damu ikivuja au ubongo ukivimba lazima kitu kingine kipishe, mwanzoni yale maji yanapisha, damu kidogo inapisha, mgonjwa anaongea na anaomba chai na nyie ndugu mnafurahi mnapigia simu kijijini. Nafasi ikiisha anadondoka, na anadondoka haraka. Ile "mbona alikuwa mzima kabisa ameongea na sisi" ndo kitu kinachotunyima usingizi.

Kwaiyo tunahesabu. Kuna kipimo cha kuona mgonjwa ana fahamu kiasi gani, walikitoa madaktari wawili wa Glasgow, Scotland, Teasdale na Jennett, mwaka 1974, na mpaka leo dunia nzima inakitumia, hakihitaji umeme wala hela. Macho alama 4, maneno 5, mwili 6, jumla 15, na wa chini kabisa anapata 3. Akiwa na 8 kushuka huyo yuko koma, tunamuwekea mpira wa kumsaidia kupumua. Kumfinya kwenyewe sio ukatili, tunaangalia mkono unakuja kuutoa mkono wangu au unajikunja tu wenyewe, ni alama tofauti kabisa. Na tochi ni kwa ajili ya mboni, moja ikitanuka na ukimulika haisinyai maana yake ubongo unasukumwa unabana mshipa wa fahamu wa jicho, hapo tunakimbia.

Kwanini asipasuliwe siku ya kwanza? Kwa sababu damu ndogo mwili unaifyonza wenyewe, na kufungua kichwa nako kuna bei yake, kuvuja damu, wadudu kuingia, degedege. Afu kuna ubongo uliochubuka, huo unazidi kuvimba siku ya pili, ya tatu, ya nne, kwaiyo mtu anaweza kuwa sawa Jumatatu na Alhamisi akabadilika. Inawezekana kabisa ndo ilivyokuwa kwa mdogo wako.

Nikwambie kitu, usiku mmoja nikiwa zamu nesi mmoja wa siku nyingi alinipigia saa saba, akasema "dokta njoo, huyu wa kitanda cha dirishani anakoroma na mimi sipendi anavyokoroma." Kwenye karatasi saa moja nyuma alikuwa na 13, sio mbaya. Nilienda na ndala. Anakoroma kweli, mboni ya kulia imejaa jicho zima. Tukainua kichwa cha kitanda, tukatundika manito, dripu ya kupunguza uvimbe wa ubongo, siti skani, theata, ndani ya saa moja na nusu tulikuwa tumetoa donge la damu kati ya mfupa na utando, linafanana kabisa na maini ya buchani. Wiki mbili baadaye aliniuliza funguo zake za boda nani kachukua. Aliyemuokoa ni yule nesi, mimi nilishika drili tu.

Tulipokosea kwako ni kutokukuelezea. Siku ya kwanza mtu angekaa na wewe dakika tano akwambie "tunamuangalia kwa sababu hii na hii, na anaweza kubadilika usiku," hasira hizi usingekuwa nazo. Dakika tano hizo tunazo, basi tu.

*Dokta shikamoo. Mimi ni intani, naipenda sana neuro, upasuaji wa ubongo, ila wenzangu wananicheka wanasema nitazeeka nasoma. Na mikono yangu inatetemeka kidogo hasa nikinywa kahawa. Nitaweza kweli? Na hela ipo? — Intani, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Wenzako hawajakudanganya sana, piga hesabu, MD, digrii ya udaktari, miaka 5 umeshamaliza, intani mwaka, afu ubingwa wenyewe weka mitano hivi. Unaweza kupitia MMed, digrii ya ubingwa ya chuo, au COSECSA, kile chuo cha wapasuaji wa Afrika mashariki, kati na kusini kilichoanzishwa 1999, makao yake yapo hapo Arusha, uzuri wake unafundishwa hukohuko hospitalini unapofanya kazi. Hapo katikati kuna miaka ya kutafuta ajira, ya kutafuta ufadhili, ya kuoa au kuolewa, kwaiyo kumaliza ukiwa na 35 ni kawaida wala usilie.

Mikono isikutishe. Kila mtu anatetemeka kidogo, siri ni kwamba mkono hauelei hewani, unaulaza kifundo juu ya kitu, na siku ya kesi kahawa unaacha. Mimi ningekuuliza kuhusu mgongo na kibofu. Kesi yangu ya kwanza kusaidia ilikuwa uvimbe, masaa sita nimeshika mpira wa kunyonya damu, na mimi kwa ujinga wangu asubuhi nilikuwa nimekunywa maji chupa mbili nzima niwe na nguvu. Saa ya nne nikaanza kuhama mguu huu mguu ule. Bosi wangu bila kuinua macho kwenye maikroskopu akaniuliza, "Dokta, unacheza muziki gani?" Theata nzima ikacheka, na hakuniruhusu kutoka.

Kuna vitu kitabu hakikwambii. Drili ikiingia kwenye mfupa harufu yake ni ileile ya kwa daktari wa meno akichonga jino, sista anadondoshea maji kwa bomba la sindano mfupa usiungue. Ukiondoa mfupa unakutana na utando mweupe mgumu kama ngozi ya ngoma, na chini yake ubongo unadunda, taratibu, na pumzi na moyo. Ukiona utando umekakamaa na hamna kinachodunda, usiukate kwanza, mwambie daktari wa usingizi, maana ukifungua hapo ubongo utakutokea nje. Mara ya kwanza kuuona unadunda nilisahau nilitakiwa kushika nini.

Vifaa ndo vitakukera. Mashine inaharibika, fundi yuko mkoa mwingine, klipu ya kubania mshipa wa damu ya saizi unayotaka haipo na mgonjwa yuko mezani. Mwaka 2006 kule Haydom, Manyara, bingwa kutoka Marekani anaitwa Dilantha Ellegala alikuta hamna vifaa vya kufungulia fuvu, akanunua msumeno wa waya kwa mtu aliyekuwa anakatia mti, wakauchemsha vizuri wakafanyia kazi. Na akamfundisha upasuaji wa kichwa Emmanuel Mayegga ambaye wakati huo alikuwa daktari msaidizi, digrii ya udaktari hana. Kuna waliosema ni hatari, hoja yao naielewa, lakini walikuwa wanasemea mjini, mgonjwa wa Haydom hana masaa ya kufika mjini.

Hela, hutalala njaa. Ila yule mwenzako aliyefungua famasi atakuzidi gari, jiandae kisaikolojia kabisa. Njoo wodini kwetu au kwenye kitengo chochote cha neuro wiki mbili za likizo yako, kaa zamu za usiku, usikae theata tu. Ukiwa bado unaipenda siku ya kumi na nne saa kumi alfajiri, jaza fomu.

*Habari daktari. Mwanangu ana miezi minne kichwa kinakua sana na macho yanaangalia chini. Mama mkwe anasema ni mambo ya nyumbani kwetu. Hospitali wanataka kumuwekea mrija, naogopa. — Mama G, Morogoro*

Nzuri mama, na mama mkwe msalimie ila hili hajui. Maji ya kichwani yanatengenezwa kila siku, kwa mtu mzima karibu nusu lita, na yanatakiwa yafyonzwe. Njia ikiziba yanajaa, na mtoto fuvu lake bado halijaungana ndo maana kichwa kinakua. Kwetu huku wengi inatokana na maambukizi waliyopata wakiwa wachanga sana, wengine wamezaliwa na mgongo wazi. Sio laana ya ukoo wa mtu.

Mrija unapita chini ya ngozi toka kichwani unamwaga tumboni, mtoto hausikii. Kuna na njia ya kutoboa kitundu ndani kwa kamera bila mrija, Mbale Uganda kwenye hospitali ya watoto ya CURE wameifanya sana tangu miaka ya 2000 mwanzoni, Benjamin Warf aliongezea kuchoma na kile kinachotengeneza maji, ila inategemea umri na chanzo, kwaiyo uliza kama mwanao anafaa. Usichelewe tu, kila wiki ubongo unabanwa. Na akishawekewa, akipata homa, akitapika, akilala kupita kiasi au utosi ukivimba, rudi hospitali siku hiyohiyo, mrija unaziba na unaingia wadudu, sitakudanganya. Ukitaka kubeba mimba nyingine anza vidonge vya folic acid kabla, maana uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati huo wengi hata hamjajua kama mna mimba.

*Mume wangu anasomea ubingwa wa ubongo. Akirudi haongei, anakaa kwenye gari nusu saa ndo anaingia ndani. Nina wasiwasi ana mtu. — Shemeji yenu*

Shemeji, sijui kama ana mtu, mimi sio mpelelezi. Ila hiyo nusu saa ya kwenye gari naijua, nimekaa humo sana. Kwetu kuna siku unatoka theata kesi imeenda vizuri, unavua glavu, unaenda kwenye benchi la ndugu unawaambia, afu benchi la pili wapo wa yule ambaye hutaweza kumfanyia kitu, na wamekuona unacheka na wenzao. Ukitoka hapo huna maneno ya kumpa mtu. Usimuulize "kazi ilikuwaje," muulize kala nini, maana uwezekano mkubwa ni maandazi mawili tangu asubuhi. Akishashiba ataanza mwenyewe. Asipoanza kwa miezi, analala hovyo, anakunywa, hapo mwambie aende kuongea na mtaalamu, na akikataa nitumie namba yake kupitia ofisi ya gazeti nitampigia kama mwenzake.

*Dokta, mzee wetu ana miaka 74. Mwezi uliopita alijigonga kichwa kwenye mlango wa choo, hakutoka hata damu tukaacha. Sasa anasahau majina, anaburuza mguu wa kushoto, na jana kajikojolea. Ni uzee? Anatumia dawa ya kuyeyusha damu. — Kijana wa Tanga*

Hapana, uzee hauji kwa wiki tano. Wazee ubongo unasinyaa kidogo, vile vimishipa vya juu vinakuwa vimevutika, kugongwa kidogo tu vinachuruzika taratibu kwa wiki kadhaa, na dawa ya kuyeyusha damu inaongezea. Kama ni hiyo damu iliyojikusanya, mara nyingi dawa yake ni kutoboa matundu mawili kichwani, inatoka damu nyeusi kama oili chafu ya gari, na wengi wanaanza kukumbuka majina ya wajukuu hata kabla ya kutolewa nyuzi. Mpeleke penye siti skani leo, sio Jumatatu. Beba na pakiti ya ile dawa.