Mkabidhi Akiamua na Jumuiya Ikinyamaza: Ushauri kwa Wahariri wa Wiki Ndogo

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote katika mafunzo ya kuhariri wiki (tovuti kama Wikipedia, ambazo yeyote anaweza kuzihariri) ninayoendesha Mbeya na Iringa halihusu vigezo, yaani alama na visanduku vilivyo tayari vya kubandika kwenye kurasa, wala namna ya kuweka tanbihi. Ni hili: "Mwalimu, huyu aliyeifuta makala yangu ni nani, na nani amempa mamlaka?" Anayeuliza huwa ameshaumia. Ametumia bando lake, ameandika usiku kwa simu kuhusu kata aliyozaliwa, na asubuhi amekuta ukurasa haupo, badala yake kuna mstari mmoja wenye jina la mtu asiyemfahamu. Ninaandika kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya mkabidhi aliyebonyeza kitufe hicho, kwa sababu kazi zote mbili nimezifanya na ninajua kwamba kila mmoja huamini kuwa mwenzake ndiye mwenye nguvu.

Mkabidhi, kama anavyoitwa katika Wikipedia ya Kiswahili, ana vitufe vichache ambavyo mhariri wa kawaida hana: kufuta ukurasa na kuurudisha, kuulinda usihaririwe, na kumzuia mtumiaji. Hana kitufe cha kuamua kwamba sentensi fulani ni ya kweli. Mwaka 2003, Wikipedia ikiwa bado changa kabisa, mwanzilishi mwenza wake Jimmy Wales aliwaandikia wenzake kwamba kupewa nafasi hiyo si jambo kubwa la kutukuzwa, na tangu hapo wazo hilo limebaki kuwa msingi hata pale linaposahaulika. Mwenyekiti wa mtaa wetu ana muhuri, na barua isiyo na muhuri wake haikufikishi popote. Lakini mpaka wa kiwanja changu na cha jirani hujulikana na majirani waliokuwepo ulipopimwa, na muhuri hugongwa baada ya wao kusema. Mkabidhi anayedhani vitufe vyake vinampa neno la mwisho kuhusu maudhui amegonga muhuri kabla majirani hawajaitwa.

Hata hivyo, baada ya kufuatilia migogoro mingi ya namna hii, nimefikia maoni ambayo baadhi ya wahariri wenzangu hawayapendi. Katika wiki ndogo kama zetu, malalamiko mengi kuhusu ubabe wa wakabidhi chanzo chake ni kutokuwepo kwa watu wengine. Katika Wikipedia ya Kiingereza, makala ikipendekezwa kufutwa, majadiliano kwa kawaida huachwa wazi kwa siku saba, watu wasiojuana hutoa hoja, na anayefunga mjadala hutakiwa awe mtu ambaye hakuwa upande wowote. Kwetu kigezo cha kupendekeza ukurasa ufutwe huwekwa, siku saba zinapita, hakuna aliyesema neno, na mkabidhi yuleyule aliyekiweka anarudi kufanya uamuzi. Huyo hakupora madaraka, aliachiwa. Lakini anayekuja kuukuta ukurasa haupo hawezi kuona tofauti, na kwa kweli hatuna sababu ya kumtaka aione.

Nitoe mfano wa karibu. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao makuu yakawa Vwawa. Kurasa nyingi zilihitaji kurekebishwa: Kimondo cha Mbozi, kwa mfano, kilichokuwa kikitajwa kila mahali kuwa kiko Mbeya, sasa kiko Songwe. Katika mradi mmoja wa wiki ninaoshiriki, mhariri mwenye bidii alipitia kila ukurasa wenye neno Songwe na kuupeleka mkoa mpya, ukiwemo ukurasa wa Uwanja wa Ndege wa Songwe. Sasa, kila aliyewahi kupanda daladala kwenda kumpokea mgeni pale anajua kwamba uwanja huo, licha ya jina lake, umebaki katika Mkoa wa Mbeya. Mhariri wa pili akatengua. Wa kwanza akatengua kutengua huko, naye akiwa na hoja ambayo kwa mtu aliye mbali inaonekana safi kabisa: jina ni Songwe, mkoa ni Songwe. Wakaendelea hivyo mpaka mkabidhi mmoja akaulinda ukurasa ukiwa na maneno "Mkoa wa Mbeya".

Mkabidhi huyo alikuwa sahihi kuhusu uwanja wa ndege, na hapo ndipo ugumu ulipo. Siku mbili kabla yake alikuwa ameuhariri ukurasa huo mwenyewe akitetea upande mmoja, kisha akatumia kitufe chake kuufungia upande wake. (Katika dunia ya wiki kuna utani wa zamani kwamba ukurasa hulindwa daima ukiwa na toleo lisilo sahihi, mara hii ulilindwa ukiwa na toleo sahihi na ugomvi ukawa mkubwa zaidi.) Mhariri wa kwanza hakubishana tena kuhusu mkoa. Alibishana kuhusu mkabidhi, akawaita marafiki zake, na kwa muda mrefu hakuna aliyezungumzia viwanja vya ndege. Kilichomaliza jambo kilikuwa kidogo mno: mhariri wa tatu aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba uwanja uko ndani ya eneo la Wilaya ya Mbeya, akaweka chanzo, akapendekeza sentensi moja ya kueleza kwamba jina lake halitokani na mkoa mpya, na akaomba mkabidhi mwingine aondoe ulinzi. Wote wawili wakakubali siku hiyohiyo, kwa sababu sentensi ile ilimpa yule wa kwanza heshima ya kuonekana kwamba mkanganyiko wake ulikuwa na msingi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa wakabidhi ni huu, na ninausisitiza kuliko mengine yote: pale ulipotoa hoja, usitumie kitufe. Mwachie mwenzako. Kama wiki yenu ina wakabidhi wawili tu walio hai na mwenzako amesafiri kijijini ambako mtandao hushika juu ya kilima peke yake, subiri arudi. Ukurasa kukaa na kosa kwa siku chache si msiba, na msomaji anayejali anaweza kuona kwenye historia kwamba jambo linajadiliwa. Isipokuwa matusi, habari za kumchafua mtu aliye hai, au matini iliyonakiliwa kutoka tovuti ya mtu mwingine. Hayo yaondoe mara moja, na hakuna jumuiya yenye akili itakayokulaumu.

Kuhusu WhatsApp nina mengi ya kusema. Wahariri wengi wa wiki za Kiswahili wanafahamiana, na palipo na watu wanaofahamiana pana kundi la WhatsApp. Huko ndiko mambo mengi huamuliwa: makala ipi ifutwe, nani azuiwe, jina gani la kijiji lifuatwe. Siyapingi makundi hayo. Nami nimo katika kadhaa, na msaada wa kiufundi unaopatikana humo saa nne za usiku haupatikani pengine. Lakini maridhiano yaliyofikiwa humo hayana historia, hayana kiungo, na mhariri mgeni wa Makete au Mafinga aliyefungua akaunti jana hayumo. Mkabidhi anayemjibu mgeni huyo kwamba "tulishakubaliana" anasema kweli kwa upande wake, na kwa upande wa mgeni anasema kitu kisichoweza kuthibitishwa. Mkishaongea kwenye kundi, mmoja wenu ayahamishie maelezo kwenye ukurasa wa majadiliano kwa maneno kamili, aeleze hoja zilizotolewa pamoja na zile zilizokataliwa, kisha mjadala uachwe wazi siku saba nzima ili asiyekuwemo apate kusema. Inachosha, najua.

Upande wa pili, kuna kosa ambalo wanafunzi wangu hulirudia karibu kila mafunzo. Makala ya mmoja wao ikiwekewa kigezo cha kufuta, darasa zima huingia kwenye mjadala na kuandika "isifutwe", "isifutwe", "naunga mkono isifutwe". Hudhani wanapiga kura. Mkabidhi anachokiona ni akaunti nyingi zilizofunguliwa ndani ya saa moja, zikiandika neno moja, na mtu yeyote mwenye uzoefu atahisi kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Wapo waliozuiwa kwa sababu hiyo tu. Maridhiano ya wiki hupimwa kwa uzito wa hoja; mwanafunzi mmoja aliyeonesha magazeti mawili yaliyoandika kuhusu soko la kijiji chake ana nguvu kuliko wenzake wote waliounga mkono bila sababu. Nimeona makala ya kata moja ya Rungwe ikiokolewa kwa namna hiyo, na binti aliyeiokoa alikuwa ndiyo kwanza ana siku ya pili tangu aanze kuhariri.

Kwa wanaoandaa mafunzo, lipo pia jambo dogo la kiufundi ambalo limezaa uhasama mwingi usio wa lazima. Miradi ya Wikimedia, yaani Wikipedia na ndugu zake, huruhusu anwani moja ya intaneti kufungua akaunti sita tu kwa siku. Katika chumba cha kompyuta cha chuo, mwanafunzi wa saba atakataliwa, naye atadhani mkabidhi amemzuia. Waambie washiriki wafungue akaunti nyumbani siku iliyotangulia, au omba mapema kikomo kiongezwe kwa ajili ya anwani yenu, na andika kwenye ukurasa wa jumuiya kwamba kesho kutakuwa na mafunzo Iringa ili wakabidhi wasishtuke.

Yapo masuala ambayo hata wakabidhi wote wakikubaliana hawawezi kuyamaliza. Fuvu la Mtwa Mkwawa ni mojawapo. Alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikachukuliwa, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukataka fuvu likabidhiwe kwa Waingereza, na hatimaye mwaka 1954 Gavana Twining akalileta Kalenga fuvu lililochaguliwa katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo. Wapo wanaoshikilia kwamba ndilo, wapo wanaotilia shaka, na nimeshuhudia mjadala ambamo mhariri mmoja aliandika kwamba yeye ni Mhehe na jambo hilo halijadiliwi na mtu wa nje. Ninauheshimu uchungu ulio ndani ya maneno hayo. Ila mkabidhi akiamua kwa amri kwamba "ni lake" au "si lake", atakuwa amejitwika kazi ambayo haikuwahi kuwa yake. Maridhiano hapa yalikuwa aya iliyoeleza nini kilifanyika, nani alilichagua fuvu na kwa njia gani, na kwamba wapo wenye mashaka. Hakuna upande ulioipenda kikamilifu, na mpaka ninapoandika haya bado haijatenguliwa.

Nisieleweke kwamba ninawaona wahariri wa kawaida kuwa na haki daima na wakabidhi kuwa hatari daima. Historia ya miradi hii inaonesha mambo pande zote. Katika Wikipedia ya Kikroatia kikundi kidogo cha wakabidhi kilishikilia mradi kwa takriban miaka kumi, kikiwazuia waliokipinga na kutumia akaunti bandia kuonesha kwamba wengi wanakiunga mkono. Ripoti ya Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha miradi hii, kuhusu jambo hilo ilitoka mwaka 2021. Wikipedia ya Kiskoti, kinyume chake, haikuwa na ubabe wowote: mwaka 2020 ilibainika kwamba makala nyingi mno ziliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, naye alikuwa mkabidhi, na kwa miaka hapakuwa na jumuiya ya kumwambia. Na hata taasisi hiyo iliyo juu ya wote iliwahi kujaribu kuipita jumuiya: mwaka 2014 iliweka ulinzi maalumu ambao wakabidhi wa Wikipedia ya Kijerumani hawakuweza kuuondoa, ili kuzuia uamuzi wa jumuiya kuhusu kifaa cha kutazamia picha. Ulinzi huo ulifutwa mwaka uliofuata. Kati ya mifano hiyo mitatu, unaonitia hofu kwa ajili yetu ni ule wa Kiskoti.

Basi wewe uliyefutiwa makala ufanye nini? Usiiandike upya palepale, kwa maana hapo unampa mkabidhi sababu ya pili. Mwandikie kwenye ukurasa wake wa majadiliano, umwulize mambo mawili: makala imefutwa kwa kanuni ipi, na mjadala uko wapi. Omba arudishe maandishi kwenye ukurasa wako wa mtumiaji ili uyaboreshe; karibu wakabidhi wote ninaowajua hukubali ombi hilo likiwa na adabu, na wengine hufurahi kwamba kuna aliyeuliza. Asipojibu kwa siku saba, peleka jambo kwenye ukurasa wa jumuiya, ukieleza kuhusu makala na si kuhusu tabia ya mtu. Ngazi ya juu zaidi ni Meta, wiki ya pamoja ya miradi yote ya Wikimedia (si kampuni ya Facebook), wanakopatikana wasimamizi wanaohudumia miradi yote, lakini elewa kwamba hao hawataingia kwenye ugomvi wa maudhui. Hata mkitaka mkabidhi avuliwe nafasi, watauliza kwanza kiungo cha majadiliano yenu wenyewe. Kwa wakabidhi waliotoweka kuna utaratibu mwingine: katika wiki zisizo na kanuni zake, asiyehariri wala kutumia vitufe kwa miaka miwili hufunguliwa shauri la kuondolewa.

Na kabla ya kupeleka jina la mtu popote, fungua orodha yako ya maangalizi, yaani ya kurasa unazofuatilia mabadiliko yake, uweke humo kurasa za mkoa wako na ukurasa wa makala zinazopendekezwa kufutwa. Mimi huupitia ukurasa huo Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda sokoni Soweto. Mara nyingi huwa na mapendekezo mawili au matatu, na kwa kawaida hoja moja yenye chanzo hutosha kubadilisha kitakachofanyika Jumatatu.