Kabla hujabeba samadi kupeleka shamba la kukodi

Miaka minne nililima heka moja ya kukodi huku kwetu Lushoto, Tanzania, kwenye mteremko, kwa makubaliano ya mdomo tu. Kila masika ikikaribia nilikuwa naenda kwa mzee mwenye shamba na hela mkononi, tunasalimiana, anaipokea, ananiambia, "Haya, kalime." Karatasi hakuna, shahidi hakuna.

Miaka miwili ya kwanza nililima kama wanavyolima wakodi wengi: mahindi na maharage, mbolea ya dukani kidogo, navuna naondoka. Nilipata gunia 6 za mahindi, kisha 5. Mvua kubwa ikipiga, udongo mwekundu wa shamba lile ulishuka mpaka njiani, watu wakawa wanaukanyaga wakienda sokoni. Mwaka wa tatu roho iliniuma. Nikachimba makinga maji matatu, yaani mitaro ya kukata mteremko na kuzuia maji yasibebe udongo, nikapanda majani ya guatemala, majani marefu ya malisho yanayoshika udongo, kwenye kingo zake, nikanunua samadi ya ng'ombe kwa jirani. Mimi na mke wangu tuliibeba kichwani, viroba 80 na zaidi. Tukavuna gunia 8, na mwaka uliofuata 11.

Nilipokwenda na hela ya mwaka wa tano nikaambiwa shamba linahitajika nyumbani, kijana amerudi kutoka mjini. Masika ilipoanza nikapita pale, nikamkuta mkodi mwingine analima, tena kwa bei ya juu kuliko yangu. Majani ya guatemala yalikuwa yamefika kifuani.

Ndugu yangu unayekodi, elewa hesabu hii. Mbolea ya dukani faida yake kubwa unaipata msimu huohuo. Samadi haimalizi kazi yake msimu mmoja; sehemu kubwa inaendelea kuoza na kulisha mazao ya miaka inayofuata. Makinga maji nayo yanataka misimu kadhaa yatulie ndipo udongo uanze kujikusanya nyuma yake. Kwa hiyo mwenye uhakika wa msimu mmoja atalikamua shamba, na akifanya hivyo simlaumu. Watu wakisema wakodi wanachosha ardhi, waulize kwanza wamepewa muda gani.

Lakini hata mwenye shamba ana hofu yake, na mimi nilichelewa kuiona. Niliwahi kumwomba yule mzee nipande migrevilea, miti ya mbao na kuni, mpakani. Akanijibu, "Jembe lako karibu, mti hapana." Huku kwetu mti ni ushahidi. Mgogoro wa shamba ukifika kwa wazee, swali la mapema ni nani aliyepanda ile miti. Mzee hana hati, ana kumbukumbu ya majirani tu. Mgeni akikaa miaka 10 akapanda miti, watoto wa mzee watasema nini? Ndiyo maana anatoa mwaka mmoja mmoja.

Nilipokuja kukodi kwa mama mmoja mjane, nikaanzia hapo. Shemeji zake walikuwa wanalitolea macho lile shamba. Kabla ya kuzungumza kodi, nilimsindikiza kwa mtendaji wa kijiji kuomba hati miliki ya kimila, yaani karatasi ya kijiji inayothibitisha kwamba shamba ni lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaipa hati hiyo hadhi sawa na hati zinazotolewa na serikali mjini, na mwanamke anaipata kwa jina lake. Ilichukua muda. Siku ya kuhakiki mipaka majirani wote wanne walisimama kwenye alama, shemeji nao wakaitwa, kila mmoja akasema mpaka uko wapi mbele ya wenzake. Siku hiyo usikose hata kama unaumwa, kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko karatasi yenyewe.

Baada ya hapo mama alinipa miaka mitano bila kusitasita. Mkataba tuliuandika kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja na nusu, tukaupeleka serikali ya kijiji ukaridhiwa. Wanawe wawili wakubwa walisaini, maana mama akitangulia mbele ya haki ni wao nitakaokutana nao. Akiwa mwenye shamba ana mke au mume, huyo naye asaini. Tuliandika kwamba miti yote nitakayopanda ni ya mama, mimi nachukua matawi ya kuni tu. Kifungu hicho ndicho kilichomtuliza kuliko kodi. Tukaandika pia kwamba nikiondolewa kabla ya muda narudishiwa kodi iliyobaki na gharama ya samadi na makinga maji, kiasi tukakitaja kwa tarakimu.

Usikubali kusikia "tutaelewana." Mkigombana baadaye mtaanzia baraza la kata, na siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, ikishindikana mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na nauli ya huko pekee inakula gunia.

Masika ijayo ndiyo ya mwisho kwenye karatasi yetu. Samadi nimeshailipia, iko zizini kwa jirani, sijaipandisha. Jumapili mimi na mama na wanawe tunakaa kuzungumzia miaka mingine mitano. Wakisaini, Jumatatu alfajiri viroba vinapanda mlima.