Fangasi kwenye damu baada ya upasuaji: muulizeni daktari haya

Pole sana, dada, kwa mama. Unauliza fangasi wamefikaje kwenye damu baada ya upasuaji wa utumbo, na kama ni uchafu wa wodi. Si lazima. Fangasi aina ya kandida huishi tumboni na kwenye ngozi hata ya mtu mwenye afya njema. Utumbo ukikatwa, au mpira ukiwekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, hupata njia. Antibayotiki kali nazo huua bakteria wanaowazuia, wala haziwagusi fangasi wenyewe, ndiyo maana homa ya mama haikushuka.

Swali la kwanza: ule mpira wa shingoni unaweza kutolewa? Fangasi hujishikiza humo, na dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Pia damu iendelee kuoteshwa maabara, yaani kuangaliwa kama fangasi bado wanaota humo, mpaka iwe safi. Angalau siku 14 za dawa huhesabiwa kuanzia hapo, si kuanzia sindano ya kwanza. Homa kushuka si ruhusa ya kuacha dawa, tafadhali sana. Macho nayo yapimwe hata kama halalamiki, kwani fangasi hawa huweza kuyashambulia kimyakimya. Ulizeni leo, msingoje kesho.