Hema jepesi la watu wawili

SWALI: Mhariri, mimi na mdogo wangu tunakusudia kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae. Tumeonyeshwa hema la watu wawili lenye uzito wa kilo 1.6. Tulipimeje kabla ya kulinunua?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, uzito huo ni mzuri, ila uliza kama umejumlisha vigingi, kamba na mfuko, kwani mara nyingi hutajwa bila vitu hivyo. Lisimamisheni, mlale ndani nyote wawili. Sakafu yenye upana wa sentimita 130 inatosha, ingawa mizigo itabaki ukumbini, yaani nafasi iliyofunikwa mbele ya mlango wa hema.

Linalonishughulisha zaidi ni unyevu. Usiku wa Usambara una baridi, na pumzi za watu wawili hugeuka matone yanayotiririka upande wa ndani wa kitambaa. Kwa hiyo chagueni lenye tabaka mbili, chandarua ndani na turubai nje, lenye matundu ya hewa juu. Kisha mwagieni maji kwenye mishono na kupapasa ndani kwa kiganja, muone kama yanapenya. Mkirudi Tanga, tafadhali msilikunje likiwa bichi: joto na unyevu wa pwani huozesha utando wa poliyurethani unaozuia maji, ukaanza kunata na kubanduka, na uharibifu huo hautengenezeki kwa urahisi.