Pedi, nauli na maswali ya jikoni

Wazazi wenzangu wa Malindi, tusiiachie shule kazi ya kuwafunza watoto mambo ya baleghe na mimba. Mada za baleghe na uzazi zimo kwenye mtaala, lakini zimetawanyika ndani ya masomo mengine, na mwalimu mwenye haya huzipita mbio. Zamani binti alikuwa na somo wake, yaani mwanamke wa kumfunza mambo ya utu uzima. Mvulana naye ahitaji kufunzwa.

Kwangu mazungumzo huanza mtoto akiwa na miaka tisa au kumi, tukichagua mchele. Macho yote yako kwenye sinia, kwa hivyo haya hupungua. Mwanangu wa kiume huketi papo hapo. Siku moja mdogo wake aliuliza, "Mama, wa boda akinibeba bure kila siku, ataka nini?" Nikamjibu wazi, bila mafumbo.

Hapa Kilifi kila mimba ya msichana twaisingizia disko matanga, zile ngoma za usiku za matangani. Mie nimeona nyingi zilizoanza mchana kweupe, kwa nauli, chipsi na pakiti ya pedi. Sheria ya 2017 yaitaka serikali itoe pedi bure shuleni; zikichelewa, nunua wewe, wala usingoje uombwe. Kenya nzima, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba walikuwa asilimia 18 mwaka 2014, na 15 mwaka 2022. Kushuka kumeshuka, lakini si kwa kujisifu.

Waeleze pia kuhusu P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo. Wengi huimeza roho ikatulia, kumbe yapunguza hatari ya mimba tu. Ukimwi na kisonono haizuii. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi, PEP, huanzwa ndani ya saa 72 baada ya tendo na kumezwa siku 28.

Mtoto akidhulumiwa kingono, asioge na nguo zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, muende hospitali ya serikali mara moja. Namba ya msaada kwa watoto, 116, hupigwa bure. Wazee wakija kutaka mambo "yaishe nyumbani", kataa: chini ya miaka 18 hakuna ridhaa kisheria, hata mahari ikiletwa.

Na akishika mimba, asifichwe ndani. Sera ya kumrudisha shule ipo tangu 1994, na mwongozo wake mpya ni wa 2020. Mwalimu mkuu akisema nafasi hakuna, mwombe aandike hivyo kwa barua, kisha ipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.