Muulize Mwalimu: Mshtarii na bahari ya gizani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Mtongwe. Tukitoka usiku na ngalawa, sayari ya Mshtarii huwa tunaiona juu yetu, nyeupe, wala haimetimeti kama nyota. Juzi binti yangu wa gredi ya saba kaniambia ile ni gesi tupu, haina pa kukanyaga, na kwamba ziko nyingi za aina hiyo zinazozunguka nyota za mbali. Usingizi ulinipaa. Je, kiumbe aweza kuishi huko? Na kama hawezi, wapi basi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Binti yako kasema kweli. Mshtarii ni haidrojeni na heliamu, na upana wake ni kama kilomita 143,000, yaani Dunia kumi na moja ukizitunga kama shanga. Ukizama ndani hugoti mwamba. Gesi inazidi kubanwa na kupata moto mpaka inakuwa majimaji. Tarehe 7 Desemba 1995 Wamarekani waliteremsha chombo humo kwa parachuti. Kilituma habari kwa muda wa kama saa moja. Kufikia hapo mkandamizo ulikuwa umepita mara ishirini ule wa hewa yetu ya pwani, na joto limepita la maji yanayochemka. Kikanyamaza.

Mwaka 1976 wanasayansi wa anga Carl Sagan na Edwin Salpeter waliandika kwamba huenda viumbe wakaelea katika mawingu yale kama maputo makubwa, bila kutua. Wazo hilo nililipenda sana nilipokuwa kijana. Siku hizi silishiki tena. Hewa ya kule haitulii, inayopanda hushuka, na kinachoshuka kinaungua. Uhai naona wataka kwanza mahali pa kutulia, maji na chumvi na madini vikutane kwa muda mrefu. Kwa hiyo macho yangu nimeyatoa kwenye sayari yenyewe, nimeyapeleka kwenye miezi yake.

Na hapa wewe utanielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wote, maana wajua bamvua na maji mafu. Mwezi wetu ukishikana na jua, maji ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Sasa chukua Europa, mwezi wa Mshtarii ulio mdogo kidogo kuliko huu wetu. Wenyewe unavutwa na jitu lenye uzito wa Dunia 318. Jirani zake, Io na Ganymede, hawauachi uzunguke kwa duara kamili, basi kila siku tatu na nusu hukaribia jitu lile, kisha husogea mbali. Ukikaribia unaminywa, ukisogea unaachiwa.

Shika kipande cha waya wa kufungia dema. Kikunje na kukikunjua pale pale, upesi, mara ishirini, kisha kiguse mdomoni. Kimepata moto, na hakuna aliyewasha kuni. Ndivyo Europa unavyopata joto lake mbali na jua, ambako barafu ya juu ni ngumu kama jiwe. Chini ya barafu hiyo, vipimo vya chombo Galileo vilionyesha dalili za bahari ya chumvi, na wataalamu wanakadiria maji yake ni kama mara mbili ya bahari zetu zote. Io, ulio karibu zaidi na jitu, unaminywa mpaka unatapika volkeno. Chombo Voyager 1 kiliziona Machi 1979.

Utaniuliza, samaki wa gizani atakula nini? Mwaka 1977 wanasayansi walizama na manowari ndogo, Alvin, karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500 hivi. Walikuta maji ya moto yakitoka sakafuni mwa bahari, na pembeni yake kome na minyoo mirefu, jua halijawahi kufika. Chakula chao kinaanzia kwa bakteria wanaoishi kwa kemikali zitokazo chini ya ardhi.

Sayari ya Zohali nayo ina mwezi, Enceladus, unaorusha maji angani. Chombo Cassini kiliyaona mwaka 2005. Kuhusu zile za nyota za mbali, zimehesabiwa maelfu tangu 1995. Nikisikia jitu jipya la gesi, swali langu la kwanza ni kama lina miezi.

Hadi leo hajapatikana kiumbe hata mmoja nje ya Dunia. Lakini chombo Europa Clipper kiliondoka 14 Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2030, kikachunguze kama bahari ile inafaa kwa uhai. Binti yako atakuwa na umri wa kuzisoma habari zake mwenyewe.

Kwa sasa azima darubini ya baharia. Usiitumie ngalawani, mkono utatikisika. Simama nchi kavu, uiegemeze kwenye mnazi. Kando ya Mshtarii utaona vidoa vinne, ndiyo miezi yake, vimejipanga kama maboya ya jarife, pengine vitatu, kimoja kikiwa kimejificha nyuma. Mimi niliviona mara ya kwanza nikiwa darini kwetu Kibokoni, na nilimwamsha mama yangu aje atazame. Mpe binti yako daftari achore vilivyokaa. Usiku wa pili achore tena, mlinganishe.