Siku ya Kwanza Ni Siku ya Damu: Maswali Yenu ya Kutafuta Mtoto

Maswali yaliyoingia safari hii karibu yote ni ya watu wanaotafuta mtoto na hesabu za mwezi zinawachanganya. Nimechukua sita. Majina nimeyaficha, mitaa nimeibakisha.

Shikamoo Bi Mkunga. Nimeolewa mwaka na nusu, nina miaka 27. Mzunguko wangu ni siku 28, haupotei. Kila mwezi nahesabu siku 14 tangu nilipooga na kutwaharika, na siku hiyo hatukosi kukutana. Mbona sishiki mimba? (Kisauni)

Marahaba mwanangu. Umeanza kuhesabu siku ya kuoga, na wengi wanafanya hivyo hivyo. Kuoga ni kwa ajili ya swala. Kizazi hakina habari nako. Siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka sawasawa, si yale matone ya kahawia ya jana yake. Ukioga siku ya saba, "siku ya 14" yako ni ya 20 kwa hesabu ya kliniki, na kwa mzunguko kama wako yai lishakufa.

Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mume, zikikuta ute mzuri, zaweza kustahimili hadi siku tano. Kwa hivyo mbegu ndizo zinazotakiwa kutangulia zikalingoje yai kwenye mrija wa uzazi. Ni kama feri ya Likoni: anayevuka ni yule aliyekwisha shuka gatini, si anayekuja mbio lango limefungwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 1995, uliofuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, ulikuta siku za kushika ni sita, na ya mwisho ni ile yai linapotoka. Kesho yake mlango umefungwa.

Tena hiyo 14 isiwatawale. Kinachokaa takriban wiki mbili ni muda wa kutoka yai hadi damu ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu siku ya 14. Mwenye 32, karibu ya 18. Na mwili wenyewe husema: ute huwa mwingi, mwepesi, unateleza, ukiuvuta baina ya vidole viwili haukatiki upesi. Ukiuona huo, msingoje kesho. Nyinyi mnaoandika siku za hedhi za Ramadhani ili mlipe saumu, daftari mnalo tayari. Endelezeni miezi yote.

Lakini mwaka na nusu ni mwingi. Hesabu irekebishe, na hospitali nendeni pia, wote wawili.

Mume wangu ni baharia. Akishuka Kilindini hukaa siku kumi. Hataki tukutane mara kwa mara, ati anaweka akiba mbegu zipate nguvu. (Changamwe)

Akiba hiyo haina faida. Mbegu zikikaa sana huchakaa na mwendo wake hupungua. Kukutana kila siku, au siku moja mruke moja, ndiyo sawa. Na kama meli yang'oa nanga siku mbili kabla ya yai kutoka, msione mwezi umepotea: muagane vizuri, mbegu zitabaki zikingoja. Kwenye maduka ya dawa kuna vijiti vya mkojo vinavyoonyesha homoni inayopanda siku moja au moja na nusu kabla ya yai. Kwa mke wa baharia, hivyo vina thamani.

Ni kweli niinue miguu ukutani baada ya tendo? (Bamburi)

Si lazima. Mbegu zenye mwendo huingia mlango wa kizazi kwa dakika chache. Kinachokutoka ukisimama ni majimaji yaliyobaki. Ila kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu, koma.

Mavyaa anasema nina chango, ananipa dawa za kunywa na za kujifukiza. Nina miaka 36, tunatafuta mwezi wa nane huu. Nikimwambia mume wangu akapimwe, anasema nguvu anazo. (Mji wa Kale)

Pole mwanangu. Mavyaa mheshimu, lakini moshi haufungui mrija. Jina la chango limebeba mambo mengi: maumivu ya kawaida ya hedhi, uvimbe wa kizazi, ukuta wa kizazi unaoota nje ya mahali pake, hata makovu ya klamidia au kisonono cha zamani kisichotibiwa. Kila moja lina kipimo chake na tiba yake. Mirija hupigwa picha kwa dawa inayopitishwa kwenye kizazi. Dawa za kuingiza ukeni huunguza na kuleta maambukizi, nazo ndizo zinazonikasirisha zaidi.

Mwenye miaka chini ya 35 husubiri mwaka kabla ya kwenda kupimwa. Wewe umepita 35, miezi sita ilitosha.

Sasa bwana. Nguvu za kitandani na mbegu ni vitu viwili. Mwanamume aweza kuwa simba na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja, na kwa macho huwezi kujua. Katika wanandoa wanaochelewa, karibu nusu huwa kuna tatizo upande wa mume, peke yake au pamoja na la mke. Kipimo chake hakina sindano wala kisu: anajizuia siku mbili hadi saba, anatoa kwenye kikopo safi, kinafika maabara ndani ya saa moja. Tena ni rahisi kuliko vyako vyote, ndiyo maana nasema aanze yeye. Na kama ni mtu wa sigara, muguka, au zile sindano za kujaza misuli za jimu, aache leo. Mbegu huchukua takriban miezi mitatu kutengenezwa, faida ataiona baadaye.

Nilichoma sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu mara ya mwisho Januari. Sasa ni Juni, sijapata mimba. Imeniharibu? (Likoni)

Haijakuharibu. Sindano hiyo hukawia kutoka mwilini; kwa wastani ni kama miezi kumi tangu ya mwisho, wengine hupita mwaka. Anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, usingoje mimba.

Nipime mimba lini? Mimi nikikutana tu kesho yake niko duka la dawa. (Kongowea)

Unatupa pesa zako. Mimba hujishikiza kwenye kizazi siku sita hadi kumi baada ya yai kutoka, na kabla ya hapo mkojo hauna cha kuonyesha. Ngoja hedhi ikose, tumia mkojo wa asubuhi. Ikiwa mistari ni miwili, anza kliniki. Ikiwa ni miwili na una maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu na damu, hospitali usiku huo huo: huenda mimba imekaa kwenye mrija.